"Njema, ila…": maneno ya Lamu yasiyochukuliwa kama yalivyo

SWALI

Msomaji mmoja, muuguzi aliyehamishiwa Lamu kutoka Bungoma, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha:

"Kiswahili nakijua tangu utotoni, lakini huku kimenishinda. Mzee yuko kitandani wodini, namuuliza habari, anajibu 'njema, alhamdulillahi', kumbe hajakojoa tangu jana. Jirani anakula na wanawe mlango uko wazi, ananiambia 'karibu', naingia nakaa, naona wanatazamana. Mwenye nyumba nikimwambia pampu ya maji imekufa husema 'inshallah', na wiki zinapita. Sokoni kila mtu anaapa. Na mimi mwenyewe nikitoka zamu ya usiku hoi, inanibidi niseme 'nzuri' kwa kila ninayempita. Je, huu si uongo wa adabu? Nitajuaje neno gani ni la kweli na gani ni la kupitisha tu?"

JIBU

Dada yangu, nianze na yule mzee. Wengine wote wanaweza kusubiri, yeye hawezi.

Ulipomuuliza "habari?" hukumuuliza chochote kuhusu mwili wake. Yeye alisikia kwamba huyu binti amenitambua, amenisalimu kabla ya kunishika mkono kutafuta mshipa, basi nami nimjibu kama anavyojibiwa mtu mwenye adabu. Angesema "mbaya" angekukosea wewe, na katika hesabu zake angemkosea na Mola wake, kwa kuwa "alhamdulillahi" husemwa kwenye neema na kwenye maradhi sawasawa. Maradhi yake alikuwa hajayafikia. Alikuwa akingoja uulize.

Sikiliza salamu kamili ya hapa. Watu wawili wamekutana Mkunguni, mbele ya ngome, asubuhi:

— Salamu alaikum.
— Wa alaikumu salamu.
— Hujambo?
— Sijambo, sijui wewe.
— Sijambo. Nyumbani hawajambo?
— Hawajambo wote.
— Na watoto?
— Wazima, alhamdulillahi. Ila mama tulimzika jana baada ya alasiri.

Mgeni akisikia hayo hushtuka. Vipi wote wawe hawajambo na mama yuko kaburini? Mwenyeji haoni kioja. Mpaka pale kwenye "wazima" walikuwa wanasalimiana, na habari zimeanza kwenye "ila". Wakati mwingine hilo "ila" huwa "lakini", au "isipokuwa", au huwa pumzi tu iliyovutwa na macho yaliyoshushwa. Kwa hiyo jibu la kwanza lipokee kwa adabu, kisha tega sikio kwa linalofuata. Kama halifuati kitu, uliza mara ya pili, na swali hilo la pili liwe na saa ndani yake, au kiungo cha mwili, au hesabu.

"Babu, tangu alfajiri umekwenda haja ndogo mara ngapi?" Swali hilo halina jibu la kupitisha. Hakuna wa kulijibu "njema". Atasema mara moja tena kwa shida, au atasema "bado", au atamtazama mwanawe ili mwanawe aseme. Mambo ya tezi dume na mpira wa mkojo unayajua kuliko mimi. Langu ni kukwambia kwamba wazee wa huku hawafichi maradhi. Wanangoja waulizwe mara ya pili, kwa sauti ya chini, mkwe akiwa ametoka nje. Mkwe akiwa amesimama pale, usitarajie hata hiyo "mara moja".

Nimewahi kukaa na wauguzi wageni kuwatafsiria, na kilichokuwa kikiwapotosha zaidi ni maneno ya jamaa wa mgonjwa, si ya mgonjwa mwenyewe. Huku "hawezi" maana yake anaumwa. Binti akija mbio kukwambia "baba hawezi kidogo", lile "kidogo" usilichukue kama kipimo. Limewekwa ili lisikutie hofu wewe, na lisimtie hofu yeye anayelisema. Huenda ni mafua, huenda ni kiharusi cha usiku. "Hajiwezi" ni habari nyingine, huyo ni wa kugeuzwa kitandani na kulishwa. "Amezidiwa" ukilisikia weka kila kitu chini uende, maana hakuna anayelitamka kwa mazoea. Na wakianza kusema "tumwachie Mungu", jua wamekwisha kaa usiku, wamezungumza wenyewe kwa wenyewe na wamekata tamaa. Hapo usiwapelekee karatasi ya kutia sahihi. Kaa nao kwanza.

Kwa wanawake liko moja ambalo lazima ulijue. Msichana akikwambia "siswali", au "leo sina sala", hakuambii chochote juu ya imani yake. Amekwambia yuko katika siku zake, tena kwa njia ambayo hata kakake akisikia hakuna aibu. Muulize hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini mbele ya shangazi zake, utapata kimya. Muulize "mara ya mwisho uliacha kuswali tarehe ngapi?" atahesabu kwa vidole na kukupa tarehe.

Kisha yako maneno yanayokwenda upande wa pili, makubwa kuliko jambo lenyewe. Mtu wa Lamu hufa kutwa nzima: afa njaa, afa kiu, afa kwa kucheka, kichwa chamuua, joto la kaskazi mwezi wa pili lammaliza. Barazani mwenye vichekesho huambiwa "wee, utaniua!" naye huzidi kutamba. Kwenye chumba cha kujifungulia utasikia "nakufa, mama, nakufa!" usiku kucha. Mhudumie kila anayelia hivyo, lakini neno lenyewe lisikutetemeshe. Wa kuogopwa ni yule aliyekuwa akilipiga kelele kisha ghafla akanyamaza.

"Moyo unaniuma" nalo ni la kupekua. Huenda ni kifua, huenda ni mume aliyeoa mke wa pili. Mwambie akuoneshe kwa mkono panapouma. Mwenye huzuni mara nyingi hatakuonesha mahali, ataanza kukusimulia kisa. Hata akianza kisa, mpime presha huku ukimsikiliza, maana huzuni na presha hukaa nyumba moja.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, la uongo.

Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski, aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand kule Pasifiki, aliandika kwamba kila jamii ina maneno ambayo kazi yake si kupeleka habari. Watu wanaulizana hali, wanataja mvua ambayo wote wanaiona, na wanachopata ni kuunganishwa tu. Kwa mtu aliyelelewa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, jambo hili halikuhitaji safari ya Pasifiki. Njia zetu ni nyembamba kiasi kwamba punda wa magunia akija inabidi ujibane ukutani. Huwezi kumpita mtu bila kuguswa na kanzu yake au buibui lake, na ukimpita bila salamu umeshamwambia neno, tena si neno zuri. Nakubaliana na Malinowski nusu. Nusu ya pili ni kwamba ukiishia pale alipoishia yeye, unaweza kudhani maneno haya ni mepesi, yanasemwa yakaisha. Ya kwetu humbana aliyeyasema. Nitakuonesha kwa ile siku uliyoingia kwa jirani.

Kula mbele ya mtu bila kumkaribisha ni utovu wa adabu mkubwa. Kwa hiyo jirani yako, mlango ukiwa wazi na wewe unapita, hakuwa na la kufanya ila kusema "karibu". Jibu lililokuwa likingojewa ni "starehe", au "ahsante, nimeshiba, alhamdulillahi", hata kama tumboni huna kitu tangu jana saa kumi. Kwa hiyo hata wewe ulitakiwa useme lisilokuwa. Ukitaka kuuita uongo, basi ni wa watu wawili wanaosaidiana.

Lakini angalia kilichotokea ulipoingia. Umeniandikia mwenyewe, ukurasa wa pili wa barua yako, kama jambo dogo. Walitazamana, ndiyo. Kisha watoto wakajibana, ukapata upande wako kwenye sinia. Msichana mkubwa akaleta maji ya kunawa. Na yule mama akawa anachambua samaki kwa vidole, anatoa miiba, kila mnofu mzuri anausukuma kwenye wali wa upande wako, mpaka upande wake mwenyewe ukabaki na mchuzi. Hakuna aliyekwambia "ah, tulikuwa twasema tu". Wala asingekwambia hata kama angelala na njaa. Anayesema "karibu" hana budi awe tayari kushikwa neno, na asiyekuwa tayari hufunga mlango kwanza ndipo akapakua. Hiyo ndiyo tofauti na uongo. Mwongo ukimshika neno lake hukimbia, ama hutafuta neno jingine. Yule mama uliposhika lake alisogea.

Kwa hiyo usione aibu kwa siku ile, na usiache kupita mlango ule. Ila siku nyingine ngoja "karibu" ya pili. Ya pili huwa na kitu ndani yake: ameinuka, au amekutaja kwa jina, au ametaja chakula chenyewe, "njoo, leo kuna samaki wa kupaka". Mtoto akishatumwa maji ya kunawa, usibishe tena. Ingia, na kama kweli umeshiba kula tonge moja, useme "nimeonja". Mwaliko wenye siku ni mwaliko hata ukisemwa mara moja: "Alkhamisi ufuturu kwetu" si maneno ya njiani, watakuwekea. Na mwezi wa Ramadhani huenda usiulizwe kabisa, uone tu sahani inakuja mlangoni kabla ya magharibi imefunikwa kawa. Ukiirudisha isiwe tupu. Hata ndizi mbili zinatosha.

Inshallah. Hapa, dada yangu, mimi niko upande wako dhidi ya mwenye nyumba.

Asili ya neno hili iko wazi. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, Waislamu wameambiwa wasiseme juu ya jambo lolote "nitalifanya kesho" bila kuongeza "Mwenyezi Mungu akipenda". Tazama mpangilio. Nia inatangulia, jambo linajulikana, siku inajulikana, kisha mtu anakiri kwamba kesho haimo mkononi mwake. "Nitakuja Jumamosi baada ya adhuhuri, inshallah" ni ahadi ya mtu mzima, na asiyeongeza inshallah pale huonekana ana kiburi. Mwenye nyumba wako hana Jumamosi wala adhuhuri. Ana inshallah peke yake, imevutwa, macho yako baharini. Hiyo ni "hapana" ya mtu asiyetaka kukuudhi, na kulifanya jina la Mungu kinga ya uvivu ni jambo nililolisikia likikemewa mimbarini zaidi ya mara moja.

Usibishane naye. Pokea inshallah yake, kisha itafutie siku: "Inshallah. Basi fundi nimngoje Jumamosi, kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri?" Tumia saa za sala, hata kama wewe si Muislamu. Mtu wa hapa hupanga siku yake kwa hizo, na akisema "baada ya alasiri" ujue ameshaiona siku yenyewe kichwani na amekutengea nafasi. Akijibu swali hilo la pili kwa inshallah nyingine tupu, tafuta fundi mwenyewe, chukua risiti, na mkubaliane kwa maandishi kwamba gharama itatolewa kwenye kodi.

Ndugu zake inshallah utawakuta kila mahali. Anayetoka chumbani husema "naja", na huo mgongo wake ndio unaouona. Ofisini utaambiwa "njoo kesho", uliza "kesho nimuone nani?" kabla hujatoka mlangoni. Pale Mokowe, gati la bara la kuvukia kuja Lamu, mwenye boti atakwambia "twatoka sasa hivi". Usitazame saa, tazama viti. Boti ikijaa ndiyo sasa hivi.

Viapo vya sokoni vina sheria yake, na naipenda kwa sababu ni ya zamani na bado ina akili. Suratul Baqara, aya ya 225, inasema Mwenyezi Mungu hawashiki watu kwa viapo vyao vya upuuzi, bali kwa yale ambayo nyoyo zao zimeyakusudia, na Suratul Maida aya ya 89 inarudia maana hiyo. Viapo hivyo wanazuoni huviita laghwi. Bi Aisha, mke wa Mtume, aliifasiri aya hiyo kwa mtu anayesema "la wallahi" na "ndiyo wallahi" katikati ya mazungumzo yake, na madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa Lamu wanayafuata, yamechukua fasiri hiyo. Ulimi umeteleza, moyo haukukusudia, hakuna kafara. Kwa maneno mengine, sheria ilikwisha kukubali kwamba watu husema wasiyoyakusudia, ikawasamehe.

Muuza maembe anayekwambia "wallahi matamu haya!" yumo humo, msamehe. Lakini anayekwambia "wallahi mimi mwenyewe nimeyanunua bei hiyohiyo" ili uongeze pesa, huyo amekusudia. Akiwa anasema uongo, hicho si laghwi tena bali ni kiapo cha uongo, na kinahesabiwa katika madhambi makubwa. Kuna hadithi ya Mtume kwamba kiapo huitoa bidhaa na kuifuta baraka. Wewe usimwambie hayo, si kazi yako. Tabasamu, taja bei yako, na uanze kuondoka taratibu. Akikuita, unajua lile "wallahi" lilikuwa la aina gani.

Kliniki ya watoto sasa, maana hapa waweza kumuudhi mtu bila kujua. Umemning'iniza mtoto kwenye mizani, mshale wake umepanda vizuri, nawe kwa furaha unasema "huyu mtoto mzito kweli!" Mama anageuka, anamtoa haraka, anamfunika leso. Ulidhani umemsifu. Sifa tupu, kwa mama wa hapa, inamwacha mtoto wazi kwa kijicho, na kijicho hakihitaji nia mbaya ya anayetazama. Tanguliza "mashallah" na utaona uso wake unafunguka. "Mashallah, kaongeza uzito." Hakuna anayekutaka uamini chochote. Mama anataka tu kujua kwamba umemtazama mwanawe kwa jicho jema.

Wewe mwenyewe, kwa upande mwingine, ulipoambiwa "mashallah, umenenepa" ulinuna, umesema. Walikuwa wanakusifu. Maana yake hewa ya kisiwani imekupatana, huonekani mgonjwa wala mwenye majonzi. Na yule bibi wa mtaa wa pili anayekulaumu kila mkikutana, "umetutupa wewe!", hataki umpe ratiba ya zamu zako. Mjibu "nipo, bibi, ni kazi tu," ukae naye dakika chache, lawama imekwisha hapo hapo. Lawama ya namna hiyo hupewa mtu anayependwa. Asiyependwa huambiwa "karibu sana" akaachwa.

"Pole" nadhani hata Bungoma mnaijua, kwa hiyo sikawii nayo: ukijikwaa, anayekwambia pole hajakiri kosa, amekuonea huruma. "Bado" ina ujanja kidogo kwenye fomu zenu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili ukimuuliza ana watoto, aweza kujibu "bado". Usiandike kwamba anatarajia. Hakutaka tu kuifunga kwa ulimi wake riziki ambayo Mungu hajasema ameifunga. Maswali ya mimba zilizoharibika na watoto waliofariki muulize baadaye, mkiwa wawili, na pengine jibu litakuwa refu kuliko nafasi iliyoachwa kwenye fomu.

Nahau za kawaida sina haja ya kukuchosha nazo. Mtu akisema maji yamemfika shingoni, au fulani ni mkono wa birika, au bibi amekula chumvi nyingi, hakuna atakayetafuta maji wala birika wala chumvi. Lakini huku ni kisiwani, na baadhi ya maneno ambayo bara ni nahau, hapa yana mwili. Nahodha akikwambia chombo kilikwenda mrama, kweli kililala huku na huku na watu wakatapika. Na wakati wa kusi, mama kutoka Faza au Kiwayu aliyekosa miadi ya kliniki akakwambia "bahari ilichafuka," usiandike "hakutoa sababu". Amekupa sababu tatu kwa mara moja: mawimbi yalikuwa makubwa, boti hazikusafiri, na mume hakwenda kuvua, kwa hiyo hata nauli haikuwepo. Kama ameanzishiwa dawa za presha, mpe za kutosha mpaka bahari itulie, kwa kadiri utaratibu wenu unavyoruhusu.

Limebaki la kwako, la kutoka zamu asubuhi ukiwa huna nguvu hata ya kuinua mkono.

Kwanza, si lazima umsalimu kila mmoja. Wazee wakiwa wamekaa barazani watano au kumi, salamu moja inawatosha wote, na kwa sheria ya dini akijibu mmoja amewajibia wenziwe. "Sabalkheri, wazee," ukiwa unatembea, basi. Ukishapokewa "sabalkheri, binti," uko huru, hakuna atakayekuita urudi.

Pili, hakuna aliyekulazimisha uishie kwenye "nzuri". Mlango wa "ila" uko wazi kwako kama ulivyo kwa kila mtu. Anza na inayostahili: "nzuri", au "tunashukuru Mungu" kama hilo ndilo linalokukaa mdomoni. Kisha ongeza: "ila leo nimechoka, usiku ulikuwa mzito." Wengi watakwambia "pole na kazi" na kukuacha uende zako, na hiyo ni haki yao, nao wana safari zao. Siku moja moja atakuwepo atakayesimama, aweke kapu chini, akuulize "mzito vipi?" Huyo amekuuliza mara ya pili. Mwambie.